Ngazi Fupi Haimfikishi Mtu Darini

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata kutafuta vichekesho na salamu za Kidato cha Nne, nakuomba uketi nami kidogo. Nina deni. Si deni la pesa wala la mkate wa kantini, ni deni la maneno. Nililikopa mbele yenu nyote katika ukumbi wa maakuli, na wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

Mtakumbuka kwamba muhula wa kwanza Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala baina ya Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne. Hoja ilikuwa: "Kuwapa maskini misaada ni kuwalemaza." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Siku hiyo, si kwa kujigamba, nilisema hadi nikatokwa na jasho. Nilianza na ile methali ya maskini akipata, mnaijua mwisho wake, na ukumbi ukaangua kicheko hata Spika akagonga meza mara tatu. Kisha nikatoa mfano ulioniletea ushindi. "Bwana Spika," nikasema, "mimi sisimulii mambo ya kusikia. Nina shangazi yangu kule Ganze, Kaunti ya Kilifi. Alipewa kuku kumi na wawili bure bilashi. Mwaka haukuisha, hakuna hata unyoya! Kuku wameenda wapi? Wameenda tumboni!"

Lo! Vijiko viligongwa kwenye sahani, miguu ikapigwa sakafuni, na wapinzani wetu wakanywea kama vifaranga walionyeshewa. Tulishinda. Nikazawadiwa kamusi.

Kamusi hiyo ninayo hadi leo, lakini kila nikiifungua naona haya. Sababu ni hii.

Likizo ya Aprili nilitumwa Ganze kwa shangazi. Nilimkuta ametoka kwenye tanuri la makaa, macho mekundu kwa moshi, viganja vyeusi tititi. Tulipokwisha kusalimiana na kunywa uji, mdomo ukaniwasha. Nikamtania, "Shangazi, wale kuku wa msaada bado unawacheua?" Hakucheka. Aliweka kata chini taratibu, akaniambia, "Keti, mwanangu, nikueleze."

Akanieleza. Kuku waliletwa mwezi wa Oktoba kwa gari, pamoja na bango na mtu wa kupiga picha. Hakuna aliyemwuliza kama anataka kuku, la sivyo angeomba mbuzi wawili, manake mbuzi wa Ganze hujitafutia majani na soko la Bamba linawajua. Kuku wenyewe walikuwa wa kisasa, waliozoea chakula cha dukani, na gunia la chakula halikuja. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekataa. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "ningewapa kuku mahindi, wanangu wangekula nini?" Wiki ya tatu kideri kikaingia. Kuku wakaanza kuhema, kupinda shingo na kuhara kijani. Kwa siku tano wakafa tisa. Alipiga ile nambari iliyoandikwa kwenye bango, haikupokelewa. Wale waliozileta zawadi hawakurudi tena, asilani.

"Na hao watatu waliobaki?" nikauliza, nikidhani nimemnasa.

Shangazi alinitazama kwa muda. "Januari ile uliitwa Kidato cha Kwanza," akasema. "Baba yako alikuwa amekwama. Niliwauza watatu hao shilingi elfu moja na mia nane, nikampa. Lile sanduku lako la bluu, mwanangu, ndilo lililowala kuku wangu."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzima mzima. Sanduku ninalolifunga kwa kufuli kila asubuhi bwenini, sanduku ambalo kamusi yangu ya ushindi imelala ndani yake, ndilo hilo! Nami nilisimama mbele ya shule nzima nikawachekesha watu kwa jina la mwanamke aliyenisomesha.

Nilirudi muhula wa pili na swali moja kichwani. Je, kuna mahali popote duniani ambapo msaada wa mifugo umemtoa mtu kwenye ufukara akatoka kweli, si kwa picha tu? Mkutubi wetu na mwalimu wa Jiografia walinisaidia kutafuta. Niliyoyapata ndiyo ninayowaletea leo, na maoni yangu ni haya: msaada wa nusu ni kweli hulemaza, lakini dawa yake si kuuondoa msaada. Dawa ni kuukamilisha, kuushona upya uwafae watu wa kila mahali, kisha kuueneza.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. Kuna maskini, na kuna fukara hohehahe. Maskini anaweza kukopa kwa jirani, au ana mtoto mjini anayemtumia chochote kwa simu. Fukara hohehahe hana hanani. Akipata kibarua leo anakula, asipopata analalia maji. Hata chama cha akina mama cha kuweka na kukopa hakimtaki, maana hana cha kuweka. Benki ndiyo usiseme! Tangu Juni 2025 Benki ya Dunia humhesabu mtu kuwa katika umaskini uliokithiri ikiwa anaishi kwa chini ya dola 3 kwa siku, kwa hesabu inayozingatia bei za kila nchi. Kwa kipimo hicho, watu takriban milioni 800 ulimwenguni wamo ndani ya shimo hilo. Hapa kwetu, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilionyesha kwamba mwaka wa 2022 karibu Wakenya 4 kati ya kila 10 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa taifa. Si watu wa mbali hao. Wengine tunaketi nao dawati moja, na siku ile ya mjadala walikuwa ukumbini wakinisikiliza.

Sasa twende Bangladesh. Huko kuna shirika liitwalo BRAC, lililoanzishwa mwaka wa 1972 na Fazle Hasan Abed, muda mfupi baada ya vita vya uhuru wa nchi hiyo. Kwa miaka mingi shirika hilo liliwakopesha maskini pesa kidogo kidogo, na wengi wakafaidika. Lakini baadaye likagundua kasoro kubwa: wale wa chini kabisa hawakuwa hata kwenye foleni ya mkopo. Waliliogopa deni kama mtu aumwaye na nyoka aogopavyo ung'ongo, na majirani nao waliogopa kuwadhamini. Basi mwaka wa 2002 BRAC ikaanza mpango mwingine kwa ajili ya hao waliosahaulika.

Mpango huo ni ngazi yenye vidato vingi. Cha kwanza ni kuwatambua walengwa. Wanakijiji wenyewe huketi pamoja, wakaichora ramani ya kijiji chao na kusema ni nyumba ipi iliyo na hali mbaya zaidi, kisha watu wa mpango huenda kuhakikisha. Cha pili ni posho ndogo ya chakula kwa miezi kadhaa, ili njaa isimlazimishe mtu kumuuza ng'ombe wiki ya kwanza. Cha tatu ndicho mali yenyewe: ng'ombe, mbuzi, kuku au bidhaa za biashara. Cha nne ni mafunzo, pamoja na mtu wa kumtembelea mara kwa mara kumwuliza, "Mama, ng'ombe anaendeleaje? Wewe mwenyewe unaendeleaje?" Cha tano ni kuweka akiba. Cha sita ni huduma ya afya, kwa sababu ugonjwa mmoja tu huweza kumla ng'ombe mzima. Baada ya miaka miwili hivi, mtu huhesabiwa amehitimu.

Tazama basi, mpenzi msomaji. Shangazi yangu alirushiwa kidato cha tatu peke yake akaambiwa apande. Hebu niambie, ni nani kati yetu angeingia Kidato cha Tatu bila kupita cha kwanza wala cha pili? Naye akianguka mtihani, tungemwita mvivu?

Utaniuliza, je, ngazi hiyo inamfikisha mtu, au ni hadithi za paukwa pakawa? Mwaka wa 2015 jarida la sayansi liitwalo Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika nchi sita: Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru. Watu zaidi ya 10,000 walihusishwa. Watafiti hawakuchagua wanaowapenda. Walipiga kura, kaya nyingine zikaingia mpangoni na nyingine hazikuingia, kisha wakalinganisha. Mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika, yaani baada ya ziara na posho kukatika, walioingia walikuwa wakila vizuri zaidi, wana mali zaidi na kipato zaidi kuliko wenzao. Hawakugeuka matajiri, la hasha. Lakini walikuwa wamesogea, na hawakurudi nyuma. Huko West Bengal nchini India watafiti walirudi baada ya miaka 10 wakakuta bado wale waliosaidiwa wako mbele. Miongoni mwa watafiti hao walikuwamo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 pamoja na Michael Kremer. Na huyo Kremer, msije mkadhani ni mgeni kwetu. Katika ujana wake, miaka ya 1980, aliwahi kuwa mwalimu katika shule ya sekondari kule Kakamega.

Na je, uvivu? Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Kule Bangladesh, wanawake waliopewa ng'ombe hawakukaa chini ya mti kusubiri ng'ombe wa pili. Walifanya kazi saa nyingi zaidi kuliko zamani! Kilichobadilika ni aina ya kazi. Walipunguza vibarua vya kulima mashamba ya watu na kufua nguo za watu, wakachunga mali yao wenyewe. Kumbe mtu tunayemwita mvivu mara nyingi ni mtu asiye na jembe. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haisemi siku ya tatu mpe matusi.

Wapo watakaosema, "Sawa, lakini ngazi nzima ni ghali. Si tuwape mifugo tu, tuwafikie wengi?" Hoja hiyo inavutia, na pengine ndiyo iliyokuwa vichwani mwa wale walioleta kuku Ganze. Lakini jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Nchini Ghana baadhi ya kaya zilipewa mbuzi peke yake, nyingine zikapewa nafasi ya kuweka akiba peke yake, nyingine zikapewa mpango mzima. Waliodumu na faida ni wale wa mpango mzima. Watafiti waliofuata kaya za Bangladesh nao walieleza, katika makala iliyochapishwa mwaka wa 2022, kwamba kuna kizingiti fulani cha mali. Aliyesukumwa akakivuka aliendelea kupanda mwenyewe. Aliyesukumwa asikifikie aliteleza akarudi alikokuwa. Kwa hivyo shilingi mia ikigawanywa kwa watu kumi, wote wakabaki chini ya kizingiti, si kwamba tumewasaidia kumi kidogo kidogo. Huenda hatukumsaidia hata mmoja. Ngazi fupi haimfikishi mtu darini, hata ukizileta ngazi fupi mia moja.

Lakini msinielewe vibaya. Kukamilisha ngazi si kuinakili kama mwanafunzi anayenakili kazi ya ziada ya jirani pamoja na jina lake. Ngazi ya Bangladesh ilitengenezwa kwa Bangladesh, nchi ya maji na watu waliosongamana. Katika zile nchi sita nilizozitaja, tano zilipata faida iliyozidi gharama. Iliyoshindwa ni Honduras. Mnajua kwa nini? Huko wengi walichukua kuku, na kuku wengi wakafa kwa maradhi! Niliposoma sehemu hiyo nilifunika kitabu nikacheka peke yangu maktabani, kisha machozi yakanilengalenga. Honduras na Ganze, bahari na bara zima katikati, na bado ni hadithi ile ile.

Kwa hivyo lazima ngazi ipimwe kwa urefu wa nyumba ya mwenyewe. Tuchukue kaskazini mwa nchi yetu. Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili hapa Kenya. Kumpa mwanamke wa Marsabit ng'ombe mmoja kabla ya ukame kama huo ni kumpa mzoga kwa mkopo wa muda. Shirika la BOMA, lililoanza mpango wake huko mwaka wa 2009, lilitafuta njia nyingine. Wanawake watatu huungana, hupewa mtaji wa kuanzisha biashara ndogo, kama duka la sukari, unga na majani ya chai, au kununua na kuuza mbuzi. Wana mshauri wao wa kuwatembelea, na baadaye wanaingia katika vikundi vya akiba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akiugua mmoja, wawili hufungua duka. Na ukame ukija, duka halifi kwa kiu, ingawa wateja hupungua.

Mfano wa pili ni Niger. Huko serikali ilikuwa na mpango wake wa kuwapa kaya maskini pesa kidogo kila mwezi. Badala ya kujenga nyumba mpya, waliongeza vyumba kwenye ile iliyokuwapo: vikundi vya akiba, mafunzo, mtaji, na jambo moja ambalo mimi nisingelifikiria. Kijiji kizima kilionyeshwa filamu fupi kuhusu familia inayojikwamua, kisha watu wakazungumza, wanaume kwa wanawake, kuhusu nani anaruhusiwa kufanya biashara na nani anamzuia. Wanawake nao wakafundishwa kujiamini na kujiwekea malengo. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Nature, na yalionyesha kwamba mafunzo hayo ya moyo na mtaji wa mkononi vyote vilikuwa na faida. Hapo nikajiuliza: kama kufundishwa kujiamini humsaidia mtu kupanda, basi kumcheka mbele ya watu mia nne kunamfanyia nini?

Sasa nije kwenye kueneza. Mashirika peke yake hayawezi. Shirika linaweza kufikia vijiji mia, lakini mafukara wako katika vijiji vyote. Mwenye mkono mrefu ni serikali. Jimbo la Bihar nchini India lilipiga marufuku pombe mwaka wa 2016, na wanawake wengi maskini waliokuwa wakiishi kwa kuuza pombe wakabaki mikono mitupu. Mwaka wa 2018 serikali ya jimbo hilo ikaanzisha ngazi yake kwa ajili yao na kwa mafukara wengine, ikilenga kaya 100,000 kwa kuanzia. Haikuajiri wageni kutoka mbali. Ilitumia vikundi vya akina mama vilivyokuwapo tayari vijijini, na wanawake wa hapo hapo wakafunzwa kuwa washauri.

Sisi Kenya tuna pa kuanzia, tena pazuri. Tuna Inua Jamii, inayowapa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tuna mpango wa kukabiliana na njaa ulioanza mwaka wa 2008 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambao ukame ukizidi, ukionekana kwa picha za setilaiti zinazopima ukijani wa nchi, huongeza idadi ya kaya zinazolipwa. Na mwaka wa 2019 serikali ilianza mradi ambao sehemu yake ilikuwa kuijaribu hii ngazi ya vidato vyote katika Kisumu, Makueni, Marsabit, Murang'a na Taita Taveta. Yaani majina ya walio chini tunayo, njia ya kuwafikishia pesa tunayo, na majaribio tumeyafanya. Kidato cha posho tayari kipo. Kilichobaki ni kuvipigilia misumari vidato vingine, na kuongeza kaunti.

Lakini tunapoeneza, tuchunge mambo matatu. La kwanza ni yule mgeni wa kila wiki. Wakati wa majaribio, mshauri mmoja ana kaya chache, anazijua hadi majina ya mbuzi. Mpango ukipanuliwa kwa pupa, mtu yule yule atapewa kaya mia tatu na pikipiki isiyo na mafuta. Hapo ziara itakuwa sahihi kwenye karatasi. Kama pesa hazitoshi, heri tuwafundishe watu kwa vikundi, kama walivyofanya Niger, kuliko kudanganya kwamba tumewatembelea.

La pili ni orodha. Ikishikwa na mtu mmoja, jamaa zake wote watakuwa mafukara ghafla. Baraza la kijiji lisome majina mchana kweupe, chini ya mwembe, na kila mtu asikie.

La tatu ni soko. Kijiji kizima kikipewa kuku, nani atamuuzia nani mayai? Mtu aulizwe anachokiweza na anachokijua. Kama ni kuku, basi na chanjo ije. Chanjo ya kideri mara nyingi huuzwa kwa chupa inayotosha kuku hamsini au mia moja, na sharti itunzwe mahali pa baridi. Mtu mwenye kuku kumi na wawili na asiye na friji ataifanyia nini? Lakini majirani wachache wakikutana siku moja, chupa moja inatosha. Hilo halihitaji mamilioni. Linahitaji mtu wa kupanga siku.

Nakubali kwamba ngazi haimfai kila mtu. Bibi wa miaka themanini hahitaji mtaji wa duka, anahitaji pensheni yake ifike kwa wakati. Mgonjwa anahitaji dawa. Na hata mwenye nguvu, akiwa hana barabara, maji wala soko, atapanda ngazi iliyoegemezwa hewani. Nakubali pia kwamba mpanda ngazi hushuka: kuna watakaojaribu washindwe. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwanafunzi akifeli tunamwuliza tatizo ni nini, tunampa mwalimu na kitabu. Kwa nini fukara akifeli tumpe methali?

Nisimalizie kwa kuinyooshea serikali kidole peke yake, maana vidole vitatu vinanirudia mwenyewe. Kila mwaka sisi hapa shuleni hufanya ziara ya hisani. Tunabeba unga, sukari na sabuni, tunaenda katika nyumba ishirini za kijiji jirani, tunaimba, tunapiga picha, tunarudi kwa chakula cha jioni. Picha huchapishwa katika gazeti hili hili. Mwaka unaofuata tunachagua nyumba nyingine ishirini. Je, sisi tunatofautiana vipi na wale wa bango?

Pendekezo langu kwa mlezi wetu, kwa mwalimu mkuu na kwa wanachama wote ni hili. Tuchague nyumba nne tu, kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe. Tuwe nazo kwa miaka miwili. Sehemu ya pesa za mauzo ya gazeti hili iwe mtaji. Chama cha Wakulima chipange siku ya chanjo ya kuku kila miezi mitatu, pamoja na afisa wa mifugo wa wadi. Sisi wa Kiswahili tuwe wale wageni wa Jumamosi, wawili wawili, si kwa kupiga picha, bali kuuliza, "Mama, mnaendeleaje?" na kuandika jibu. Baada ya miaka miwili tuchapishe humu kilichofaulu na kilichoshindwa, vyote viwili. Mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka, lakini wa vidato vya chini mtakuwapo.

Najua kuna atakayesema nyumba nne ni chache mno, eti ni tone baharini. Ndugu yangu, nyumba nne zilizovuka kizingiti ni nyingi kuliko ishirini zilizokunywa chai ya sukari kwa wiki moja.

Nimebakiza malipo ya deni. Kwa wenzangu ambao nyumbani kwenu mnaijua njaa, na siku ile mlicheka kwa sababu kutocheka kungewafichua: nawaomba radhi. Kwa upande wa wapinzani: nyinyi ndio mliosema kweli, na nikiruhusiwa nitawakabidhi ile kamusi mbele ya ukumbi ule ule. Na kwa shangazi, ambaye hatalisoma gazeti hili kwa kuwa hakupata wa kumuuzia kuku enzi zake: mwezi wa Agosti nilikwenda tena Ganze. Nilibeba akiba yangu ya kibarua cha likizo. Haikutosha mbuzi wawili. Ilitosha mmoja, jike, mwenye mimba. Tulikwenda pamoja soko la Bamba na mwenyewe ndiye aliyemchagua, akamfungua mdomo kutazama meno, akamshika ziwa, akakataa watatu kabla ya kukubali huyo.

Mbuzi mmoja si ngazi, hilo nalijua. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.